Salamu Bila Mkono: Kutoka Madina hadi Milima ya Lubero

Luofu iko juu milimani, magharibi ya Kayna, kusini mwa wilaya ya Lubero. Huko, kama ilivyo Butembo na Beni, salamu isiyo na mkono ni salamu nusu. Ukimkuta mama anavuna viazi, mikono imejaa udongo, hatakuacha upite hivi hivi: atakunja kiganja na kukunyoshea kifundo cha mkono, nawe utakishika hicho. Kijana akimsalimia mkubwa hutoa mkono wa kulia, huku wa kushoto ukiushika ule wa kulia karibu na kiwiko. Wanaume waliopoteana siku nyingi hugusanisha vipaji vya nyuso, upande huu, upande ule, mara tatu. Ukimnyima mtu mkono, umemwambia kwamba kuna kesi kati yenu.

Katika nchi yenye desturi hiyo wamekuwepo kwa zaidi ya miaka mia moja Waislamu, wachache sana milimani, wengi zaidi kidogo Beni na Butembo. Dini yao, kwa fahamu ya wanazuoni wengi, inamzuia mwanamume kumpa mkono mwanamke aliye ajinabi kwake, yaani anayeweza kumwoa. Sharti hilo lenyewe halikubadilika sana tangu karne ya 7. Waliobadilika kila mara ni majirani, na kila kizazi cha majirani kiliusoma mkono uliozuiliwa kwa namna yake.

Kiapo cha wanawake, 628–632

Habari inaanza na siasa. Kwa Waarabu wa zama zile, mwanamume aliyekubali kumtii kiongozi aliweka kiganja chake katika kiganja cha kiongozi huyo, na hapo ahadi ikawa imefungwa. Baada ya mapatano ya Hudaybiya mwaka 628, na zaidi baada ya Makka kuingia mikononi mwa Waislamu mwaka 630, wanawake nao walikuja kwa Mtume Muhammad kutoa ahadi hiyo. Miongoni mwao alikuwa Hind binti Utba, aliyekuwa adui mkali jana yake tu. Aya ya 12 ya Sura al-Mumtahana inataja masharti waliyopewa: wasimshirikishe Mungu, wasiibe, wasizini, wasiue watoto wao, na mengine. Wao walifunga ahadi kwa mdomo. Bibi Aisha alisimulia, na Bukhari akaipokea habari hiyo, kwamba katika viapo vile mkono wa Mtume haukugusa mkono wa mwanamke hata mmoja. Naye Umayma binti Ruqayqa alisimulia kwamba yeye na wenzake walipomtaka awape mkono, aliwajibu kuwa hapeani mikono na wanawake, na kwamba analomwambia mwanamke mmoja ndilo analowaambia mia.

Wahubiri wengi huishia hapo kwenye kukatazwa. Wanachoruka ni kwamba kiapo kile kiliwahesabu wanawake kuwa watu wenye neno lao katika dola changa, bila kusemewa na baba wala mume.

Wanazuoni waliokuja baadaye hawakukubaliana kwa kila jambo. Walioshikilia katazo walitegemea pia hadithi ya Ma'qil bin Yasar, iliyopokewa na Tabarani, isemayo kuwa afadhali mtu achomwe kichwani kwa sindano ya chuma kuliko kumgusa mwanamke asiye halali yake. Wengine waliona hadithi hiyo inazungumzia zinaa, wakakumbusha ile ya Anas bin Malik, kwamba kijakazi yeyote wa Madina aliweza kumshika Mtume mkono na kwenda naye mpaka kwenye shida yake. Wahanafi waliruhusu kumpa mkono bibi kizee ambaye hakuna matamanio kwake. Katika zama zetu Yusuf al-Qaradawi, mwanazuoni wa Misri aliyeishi Qatar na kufariki mwaka 2022, alilegeza zaidi: kati ya jamaa na watu waliozoeana, matamanio yakikosekana na fitina isipohofiwa, hakuna ubaya, ila Mwislamu asiwe yeye wa kwanza kuunyosha mkono. Lakini yaliyotufikia Afrika Mashariki na Kongo ni madhehebu ya Imam Shafi, na hayo hayakulegeza.

Pwani: mkono na maji ya udhu, tangu 1331

Ibn Battuta alipopita Mombasa na kufika Kilwa mwaka 1331, aliwakuta watu wa pwani wakifuata madhehebu ya Shafi. Wameyafuata mpaka leo. Vitabu vilivyosomeshwa vyuoni viliandikwa na Washafi: Minhaj ya Imam Nawawi kwa waliobobea, na tangu karne ya 19 Safina, kijitabu cha Salim bin Sumayr wa Hadhramaut, kwa watoto wanaoanza.

Safina ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Inataja mambo manne yanayovunja udhu, yaani usafi wa kuswalia, na mtoto anayakariri kabla hajaota ndevu: kinachotoka mwilini kwa njia mbili, kupotewa na akili kwa usingizi au vinginevyo, ngozi ya mwanamume mzima kukutana na ngozi ya mwanamke mzima asiye maharimu wake pasipo kizuizi, na kugusa tupu kwa kiganja. La tatu halimsamehi hata mume na mkewe. Mfanyabiashara aliyetawadha kwa ajili ya alasiri, akipokea pesa kwa mwanamke na vidole vyao vikagusana, imembidi arudi kwenye mtungi. Na mwanamke vilevile.

Naamini hilo la maji lilifanya kazi kubwa kuliko khutba zote za fitina na matamanio. Mtoto wa chuoni haambiwi kwamba mwanamke ni hatari. Anaambiwa kwamba atatawadha tena. Ndipo zikazaliwa adabu za pwani tunazozijua: kiganja kifuani, kichwa kuinama kidogo, salamu ndefu ya maneno inayouliza nyumba nzima, pesa kuwekwa juu ya meza badala ya kutiwa mkononi. Bibi mtu mzima asiyetaka kumvunjia mgeni heshima huviringa mkono wake kwa ncha ya kanga kisha huutoa. Kitambaa ni kizuizi. Udhu umesalimika, mgeni naye hakudharauliwa.

Wangwana, 1860–1894

Adabu hizo zilivuka Ziwa Tanganyika pamoja na bunduki. Kufikia miaka ya 1860 wafanyabiashara wa Unguja na Unyanyembe walikuwa wamefika Maniema kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Miji yao mikubwa ikawa Nyangwe na Kasongo kando ya mto Lualaba, na mwenye nguvu kuliko wote akawa Hamad bin Muhammad al-Murjabi, Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, chini ya bendera ya Dola Huru ya Kongo. Watu wa Maniema waliowafuata walivaa kanzu, wakasema Kiswahili, wakajiita wangwana. Baadhi yao walipanda kaskazini kupitia msitu wa Ituri mpaka bonde la Semliki, jirani na Beni, ambako msafiri Henry Stanley aliwakuta kati ya 1887 na 1889 wakiteka vijiji na kuvichoma.

Hapa historia ya adabu inachafuka, na sioni sababu ya kuisafisha. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa msafara mmoja wa wafanyabiashara waliwafyatulia risasi watu waliokuja sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake. Mamia waliuawa au kuzama mtoni wakikimbia. Mmisionari David Livingstone alikuwepo, akaandika alichokiona, na maandishi hayo yalisaidia kuibana Zanzibar mpaka ikakubali mwaka 1873 kufunga soko lake la watumwa. Wanaume waliokuwa wakiona haya kumshika mkono mke wa mwungwana mwenzao waliwakamata binti za watu kwa kamba. Fikihi, yaani sheria ya dini, ya zama zile ilikuwa na mlango wa hilo: mwanamke huru alikuwa na hukumu yake, na kijakazi alikuwa na yake. Haya ilikuwa mali ya walio huru.

Vita vya 1892 hadi 1894 viliumaliza utawala wao. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yakiongozwa na Dhanis, yaliitwaa Nyangwe mwezi wa Machi 1893 na Kasongo mwezi uliofuata; Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka huohuo. Mabwana wakubwa waliondoka au wakafa. Waliobaki na dini walikuwa wapagazi, askari, wachuuzi, na wengi waliokuwa wametekwa wao wenyewe au mama zao. Kule Unguja, baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897, wanawake waliokuwa vijakazi walianza kujistiri kwa kanga na baadaye buibui, mavazi waliyokuwa wamezuiliwa au yaliyokuwa alama ya mabibi zao. Sioni kwa nini Kasongo iwe tofauti. Kwa mwanamke aliyewahi kushikwa na yeyote apendaye, uwezo wa kusema "mkono wangu siutoi" ulikuwa uhuru, tena uhuru mtamu.

Msalaba juu ya milima, 1894–1960

Wabelgiji waliuogopa Uislamu. Walibana vyuo vya Kurani, wakawafuatilia walimu wanaotembea, na tariqa ya kisufi ya Qadiriyya ilipoingia Maniema ikitokea upande wa Ujiji, wakaipeleleza kama chama cha siri. Waislamu wakabaki katika mitaa yao, wakiitwa kwa Kifaransa "waliofanywa Waarabu", kana kwamba hawakuwa Wakongo.

Kaskazini ya Kivu ilipewa wamisionari. Misheni ya Kikatoliki ya Beni ilianzishwa mwaka 1906, ugonjwa wa malale ukaisumbua bondeni, na tangu 1929 mapadri Waasumpsio wakaichukua kazi hiyo milimani. Wabaptisti wakajenga Katwa, Waadventista wakashika Lukanga. Butembo yenyewe ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kama kituo cha kampuni ya madini, kisha Wanande, wenyeji wa milima hiyo, wakaigeuza soko. Uislamu ukabaki tone katika maji mengi.

Kwa kipindi hiki sina kisa cha ugomvi juu ya mkono, na sidhani vilikuwa vingi. Nchi za Maziwa Makuu hazikuhitaji kufundishwa kwamba umbali unaweza kuwa heshima. Kule Buganda mwanamume hamgusi kamwe mama mkwe wake, na anayevunja mwiko huo anatazamiwa kupatwa na maradhi. Mwislamu aliyeweka mkono kifuani mbele ya mke wa jirani alikuwa na mwiko wake. Wenyeji walikuwa na yao.

Njia ya Kasindi, 1971–1994

Mlango wa Uislamu ulihama. Zamani ulikuwa kusini, Kasongo. Sasa ukawa mashariki, Kasindi, mpakani na Uganda. Wanande wa Kongo na Wakonzo wa Kasese ni watu wamoja waliokatwa na mpaka, na biashara ya Butembo ilikuwa ikipita hapo kwenda Kampala, baadaye Nairobi na Dubai. Idi Amin alipotawala Uganda kati ya 1971 na 1979, Uislamu ulipata nguvu ambayo haukuwa nayo. Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda liliundwa mwaka 1972. Upande wa pili, serikali ya Mobutu nayo mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliitambua jumuiya moja ya Waislamu wote wa Zaire, ambayo leo inaitwa COMICO. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kikafunguliwa Mbale. Kijana wa Beni aliyetaka elimu ya dini hakuhitaji tena kufikiria Kasongo. Basi la kwenda Kampala lilikuwa karibu.

Alikutana na nini huko? Alikutana na vijana waliorudi kutoka Madina na Riyadh na fahamu nyingine ya dini. Walipinga maulidi, walipinga visomo vya matanga, na waliwaona mashehe wa zamani kuwa wamechanganya dini na mila. Kundi lililojiita Watabliki liligombana na Baraza hadi tarehe 22 Machi 1991, walipouvamia msikiti wa Old Kampala na askari polisi wakauawa. Miongoni mwa waliotiwa jela alikuwa Jamil Mukulu, ambaye jina lake Beni ingekuja kulijua kwa uchungu.

Juu ya mkono, pambano la wazee na vijana lilikuwa na kichekesho chake, ambacho sijaona kikitajwa vya kutosha. Shehe wa zamani, aliyelelewa na Safina, anajua kuwa kumpa mkono ajinabi hakufai. Lakini akifika sokoni, bibi kizee Mkristo akamnyoshea mkono mbele za watu, mara nyingi ataupokea, ingawa kitabu chake hakikumruhusu, kisha atarudi nyumbani kutawadha upya bila kumwambia mtu. Kijana aliyesoma kwa wanafunzi wa Bin Baz, mwanazuoni wa Saudia, hataupokea kabisa. Kwake ni haramu, na kumwonea aibu bibi si udhuru. Ila basi likiyumba akamwegemea mwanamke kwa bahati mbaya, yeye haendi kutawadha, kwa sababu walimu wake wanasema kugusana hakuvunji udhu. Mzee alikuwa mlegevu mbele za watu na mkali kwenye birika. Kijana alikuwa kinyume chake. Majirani Wakristo waliona sehemu moja tu ya mambo hayo, ile ya hadharani, na kwa macho yao Uislamu ulikuwa umekuwa mkali ghafla.

Mkono unapotiliwa shaka, 1995–2018

Waliomfuata Mukulu walivuka Rwenzori, wakaungana na waasi wengine, wakawa ADF. Novemba 1996 waliushambulia mji wa Mpondwe upande wa Uganda, kisha wakajichimbia katika misitu ya Beni. Kwa miaka mingi waliishi humo wakilima, wakifanya biashara ya mbao na kuoa katika vijiji vya jirani. Mwezi wa Januari 2014 jeshi la Kongo lilianzisha operesheni Sukola na kuziteka kambi zao kubwa, mojawapo ikiitwa Madina. Tangu Oktoba mwaka huohuo mauaji ya raia yakaanza kando ya mji wa Beni, kwa mapanga na shoka, na hayajakoma.

Katika hali hiyo kila alama ya Uislamu ikasomwa upya: kanzu fupi, ndevu, nikabu, jina, na mwanamume asiyempa mkono mwanamke. Mila iliyokuwa imevumiliwa kama mwiko wa watu fulani ikageuka ushahidi. Anayekataa kunisalimia leo, usiku yuko wapi? Swali hilo liliulizwa na watu waliokuwa wamezika jamaa zao, na siwezi kuwalaumu kwa kuogopa. Lakini ADF waliua Waislamu pia, na Waislamu wa Beni walikaa kati ya mapanga ya hawa na macho ya wale. Jibu la wengi wao lilikuwa la kujificha kidogo: kuacha kanzu nyumbani siku ya soko, na mtu akinyosha mkono, kuupokea.

Miezi 23 bila mikono, 2018–2020

Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ilitangaza Ebola huko Mangina, karibu na Beni. Ulikuwa mlipuko wa kumi nchini. Mpaka utangazwe kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Ulipita Beni, ukakaa sana Butembo na Katwa, ukateremka kusini hadi maeneo ya afya ya Alimbongo na Kayna, ambayo ndiyo majirani wa Luofu.

Virusi vya Ebola husafiri kwa majimaji ya mwili, na mkono ni gari lake. Basi amri ya kwanza ya riposti, jina lililopewa jeshi lote la madaktari, watoa chanjo, madereva na wahamasishaji, ilikuwa kwamba watu wasipeane mikono. Milango ya maduka ikawekwa ndoo zenye bomba na maji ya klorini. Barabarani vikawekwa vizuizi, unashuka, unanawa, unapimwa joto kwenye paji la uso. Watu wakaanza kugusana viwiko au viatu. Kanisani, amani ikatakiwa kwa kuinamiana badala ya kushikana mikono. Na pikipiki mbili zikipishana Butembo, madereva wakainuliana ngumi kwa mbali.

Amri hiyo haikupokelewa kirahisi. Kulikuwa na hasira za vita, na Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha kura Beni na Butembo kwa kisingizio cha Ebola, hata wengi wakasema ugonjwa ni siasa au biashara. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika kliniki ya chuo kikuu Butembo. Kukataa kunawa, na kumshika mgeni mkono kwa nguvu, kulikuwa pia namna ya kusema hatuwaamini. Julai mwaka huo mchungaji mmoja aliyekuwa akihubiri Butembo na kuwawekea waumini mikono, wagonjwa wakiwemo, alipanda basi akapita vizuizi vyote vya njia ya kusini, akafika Goma akiwa na homa. Siku tatu baadaye, tarehe 17 Julai, Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa.

Waislamu je? Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii, mji mzima ulikuwa ukisalimiana kama wao, kiganja kifuani na hatua moja katikati. Mwanamume aliyeogopa kuonekana mtu wa msituni aliweza kuacha mkono wake mfukoni bila kuulizwa. Lakini riposti haikufuata Safina. Fikihi ilizuia mkono kati ya mwanamume na mwanamke ajinabi. Riposti iliuzuia kati ya wote, na ikagusa pale ambapo Waislamu hushikana sana. Baada ya swala, mtu humgeukia wa kulia na wa kushoto akampa mkono na kumwombea Mungu amkubalie. Iliachwa. Kukumbatiana siku ya Idi kukaachwa. Ndoo moja ya kutawadhia watu wengi ikawa tatizo.

Kigumu kuliko vyote kilikuwa maiti, kwa kuwa mwili wa aliyekufa kwa Ebola ndio wenye virusi vingi zaidi, na Uislamu unataka maiti ioshwe kwa mikono ya jamaa. Tangu janga la Afrika Magharibi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 ulikuwa umeandaa njia kwa Waislamu: kutayamamishwa kwa vumbi safi badala ya kuoshwa, kazi ikifanywa na aliyevaa mavazi ya kinga, kisha sanda na swala. Ndicho mashehe walichoweza kusimama nacho mbele ya wafiwa. Mafungu ya fikihi kuhusu aliyekosa maji au anayehofia madhara ni ya kale, na hapa yalipata kazi ambayo waandishi wake hawakuiota.

Mwezi Januari 2019, Butembo ikihesabu wagonjwa wapya, sheria mpya ilianza kazi Denmark: mgeni anayepewa uraia lazima ampe mkono afisa kwenye sherehe, awe mwanamume au mwanamke. Watunga sheria hawakuficha kwamba waliwalenga Waislamu wanaokataa. Miezi michache kabla, mahakama ya kazi ya Sweden ilikuwa imempa fidia mwanamke Mwislamu aliyekatizwa usaili wa kazi kwa kuweka mkono kifuani. Kwa hiyo katika majira yale yale mkono ulikuwa sharti la uraia Ulaya na kosa la afya Kivu ya Kaskazini. Machi 2020 korona ilipofika Denmark, sherehe za uraia zilisimamishwa, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kumshika mwenzake mkono.

Baada ya klorini, tangu 2020

Ndoo ziliondolewa, mikono ikarudi. Ilirudi Butembo haraka kuliko madaktari walivyotaka, na Februari 2021 Ebola ilitokea tena humo ikaua watu 6 kabla ya kuzimwa mwezi wa Mei. Shaka nayo ilirudi. Tarehe 1 Mei 2021 Sheikh Ali Amini, kiongozi wa Waislamu wa Beni aliyekuwa akiwalaani waasi hadharani, alipigwa risasi na kuuawa msikitini wakati wa swala ya jioni, mwezi wa Ramadhani. Kabla Mei haijaisha, shehe mwingine aliuawa Mavivi. Baada ya hapo ilikuwa vigumu zaidi, kwa yeyote mwenye macho, kusema kwamba Mwislamu wa Beni na mtu wa msituni ni kitu kimoja. Wapo waliosema hivyo bado.

Kisha vita vikaibana Lubero kutoka pande mbili. Mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 waliitwaa Kanyabayonga, na baada yake Kayna na Kirumba; Desemba mapigano yakasogea kaskazini kuelekea Alimbongo. Wakati huohuo ADF walikuwa wakipenya Lubero kutokea Beni, na Septemba 2025 waliwashambulia watu waliokuwa kwenye matanga kijijini Ntoyo, wakaua zaidi ya 60. Watu wa kusini mwa Lubero walikimbia na watoto na magodoro kwenda Lubero mjini na Butembo, wakati mabango mapya yakiwaonya wasishikane kwa sababu ya mpox, iliyotangazwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024.

Juu ya mkimbizi, mashehe wa Safina na vijana waliorudi kutoka Madina hawana ubishi. Nawawi aliandika katika Minhaj, karne ya 13, kwamba kutazama na kugusa kunaruhusiwa kwa ajili ya kutoa damu, kupiga chuku na kutibu. Waliomfuata wakaliweka katika fungu hilohilo la dharura jambo la kumwokoa anayezama au anayeungua. Mwanamke akikwama kwenye tope la barabara ya Kirumba na mzigo mgongoni, mwanamume yeyote aliye juu ya lori anaweza kumshika mkono akampandisha. Akishapanda, kama jua linakaribia kuzama na maji yapo, mfuasi wa Shafi atatawadha tena.